HASHEEM THABEET: Alichemsha NBA au tunamuonea tu?



Hapa Mwanza ukiwa mrefu kupita wenzako huna amani. Pita Mwaloni pale Kirumba, pita stendi ya Nyegezi, panda daladala ya Igoma shingo umeikunja, lazima atokee mtu akuambie: "Kaka, wewe mbona usiende Marekani kama Hasheem?" Kabla hujajibu, mwingine anadakia: "Hasheem gani? Si yule aliyechemsha?" Basi, wanacheka, safari inaendelea.

Mimi nimemaliza kidato cha nne nikiwa na futi 5 na inchi 7, kwa hiyo mjadala huu haunihusu kwa mwili. Ila unanikera. Anayesema "nenda" anadhani urefu ni tiketi ya ndege. Anayesema "alichemsha" anadhani jamaa alifika NBA akalala. Wote wawili ukiwauliza ilikuwaje hasa, wanaanza kugugumia. Leo nawaleteeni mambo yenyewe, kwa miaka na takwimu, halafu kila mtu aamue mwenyewe.

KATOKEA WAPI

Hasheem alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Basketi aliianza akiwa na miaka 15, enzi alizokuwa akisoma sekondari Makongo, Dar. Rudia hiyo namba: 15. Mtoto wa Marekani anayeota NBA huanza kudundisha mpira akiwa na miaka 6 au 7. Akifika 15 ameshacheza mamia ya mechi, kafundishwa na makocha kadhaa na kaumia mara mbili tatu. Hasheem katika umri huo ndio kwanza anajifunza kwamba ukiushika mpira ukatembea nao bila kuudundisha, refa anapuliza filimbi.

Baadaye akapata nafasi ya kwenda kusoma Marekani. Alipita sehemu zaidi ya moja kabla ya kutulia Cypress Christian School, mjini Houston. Kijana wa Dar, Kiingereza cha shule zetu, mama yuko mbali, kila unapoanza kuzoea unahama tena. Hiyo sehemu tunairuka sana tukisimulia, kana kwamba alitoka Makongo Jumatatu, Jumanne akawa NBA.

CHUONI ALIKUWA MOTO

Mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, wenyewe wanakiita UConn. Kocha alikuwa Jim Calhoun, mzee mkali ambaye tayari alikuwa na ubingwa wa vyuo mara mbili, 1999 na 2004. Pale hapaendi mtu kwa kuhurumiwa.

Sasa angalia jamaa alivyopanda. Msimu wa kwanza alikuwa na wastani wa pointi 6.2 kwa mechi. Wa pili, 10.5. Wa tatu, yaani 2008/09, pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2. Kwa asiyefuatilia: ribaundi ni kudaka mpira uliokosa kikapu, na bloku ni kuuzuia mpira ulioshatupwa usifike. Bloku 4 kwa mechi ni balaa. Maana yake mara 4 mtu karuka, katupa, akidhani tayari, mkono wa Mtanzania ukamwambia rudi nyumbani.

Ligi ya Big East ilimtaja mlinzi bora wa mwaka mara mbili, 2008 na 2009. Mwaka 2009 akawa pia mchezaji bora wa ligi nzima, akigawana tuzo na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Huyo Blair mshikeni, tutarudi kwake. Mwaka huohuo UConn walifika nusu fainali ya taifa, wakatolewa na Michigan State kwa 82 kwa 73 mjini Detroit.

Kwa hiyo anayesema jamaa hakuwa na kitu zaidi ya urefu, hapo anakosea. Marekani watu warefu wapo wengi. Tuzo hazigawiwi kwa kupimwa na futi kamba.

DRAFTI NI KITU GANI

Wengi tunasikia "Hasheem alikuwa namba 2" tunadhani ni namba ya jezi. Hapana. Na hii drafti siyo ile ya vizibo vya soda pale kijiweni.

Kila mwaka timu za NBA zinakaa kuchagua vijana wapya. Timu mbovu zinapewa nafasi kubwa zaidi ya kuchagua mapema, kwa kupiga kura ya bahati, ili wanyonge nao wainuke. Kila timu inapopewa zamu inataja jina moja, na raundi ni mbili. Mchezaji hachagui pa kwenda. Akitajwa na timu fulani, ndiyo hiyohiyo.

Tarehe 25 Juni 2009, New York, huku kwetu ikiwa imeshaingia usiku wa manane wa tarehe 26, wa kwanza kutajwa alikuwa Blake Griffin, kwenda Clippers. Wa pili: Hasheem Thabeet, Tanzania, kwenda Memphis Grizzlies. Mkataba wa mtu wa namba 2 mwaka ule ulimpa zaidi ya dola milioni 4 kwa msimu wa kwanza tu. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA.

Shida ikaja kwa waliotajwa nyuma yake. Wa 3 alikuwa James Harden. Wa 7 alikuwa Stephen Curry. Harden akaja kuwa mchezaji bora wa NBA mwaka 2018. Curry akawa mchezaji bora 2015 na 2016, na ubingwa akauchukua mara nne. Ndiyo maana kila mwaka watu wakikaa kutaja makosa makubwa ya drafti, jina la ndugu yetu halikosekani.

Lakini jamani, Hasheem hakujichagua! Waliomtaja ni Memphis, watu wazima, wenye video na takwimu za kila mechi yake. Na Minnesota mwaka huohuo walikuwa na nafasi ya 5 na ya 6, mfululizo. Wakawachukua Ricky Rubio na Jonny Flynn, Curry wakamwacha mara mbili ndani ya dakika chache. Flynn alidumu NBA misimu mitatu. Umeshawahi kumsikia mtu kijiweni akimcheka Flynn?

SASA ALIKWAMA WAPI

Hapa ndipo penye somo, kwa hiyo twende taratibu. Mimi naona sababu nne.

Ya kwanza ni sheria. Basketi ya chuo Marekani na ya NBA hazifanani. Chuoni mlinzi mrefu anaweza kuweka kambi chini ya kikapu muda wote, kama mlinzi wa geti la godauni. Anayekuja, anakutana naye. NBA kuna sheria ya sekunde 3 kwa walinzi: hairuhusiwi kusimama eneo lile zaidi ya sekunde 3 kama humkabi mtu kwa karibu. Ukizidisha, wapinzani wanapewa mtupo wa bure na mpira unabaki kwao. Silaha kubwa ya Hasheem ilikuwa kusimama pale. NBA ikamwambia toka, rudi, toka, rudi. Hiyo inataka miguu myepesi na akili inayosoma mchezo haraka, na hivyo ni vitu vya kujengwa tangu utotoni.

Ya pili ni nguvu. Turudi kwa Blair. Tarehe 16 Februari 2009, siku Hasheem anatimiza miaka 22, UConn wakiwa namba 1 kwa ubora nchi nzima, wakakutana na Pittsburgh mjini Hartford. Blair ana futi 6 na inchi 7, yaani kapitwa na Hasheem, mwenye futi 7 na inchi 3, kwa karibu sentimita 20. Lakini mwili ulikuwa kama gunia la mahindi. Usiku ule Blair akamaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Hasheem pointi 5, ribaundi 4. Pittsburgh wakashinda 76 kwa 68. Kila timu ya NBA iliona kwamba ukimsukuma jamaa kwa mwili anasogea. Na NBA kuna watu wa mwili ule kila usiku.

Ya tatu ni nafasi. Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol, Mhispania, na kiangazi kilekile wakamleta Zach Randolph. Hao wawili wakaja kuwa moja ya safu ngumu kabisa za chini ya kikapu kwenye NBA. Gasol mwaka 2013 akawa mlinzi bora wa ligi nzima. Na huyo Gasol alipochaguliwa mwaka 2007 alikuwa namba 48! Hasheem anayejifunza kazi akawekwa nyuma ya watu wanaoijua kazi. Msimu wa kwanza alicheza mechi 68, wastani wa dakika 13 kati ya 48.

Cheki hapa sasa. Katika dakika hizo 13 alikuwa na bloku 1.3 kwa mechi. Ukipiga hesabu kwa dakika 36, ambazo ndizo za nyota anayecheza karibu mechi nzima, unapata bloku 3.6. Kwa hiyo mkono wake haukupotea njiani kutoka chuoni. Tatizo ni kwamba faulo nazo zilikuwa zinakuja haraka, na huku kushambulia akawa anapata pointi 3.1 tu. Kocha anayetaka kushinda leo jioni hana muda wa kumsubiri mtu ajifunze.

Ya nne, mchezo wenyewe ulikuwa unabadilika. Miaka ile timu zikaanza kutegemea zaidi mitupo ya mbali ya pointi 3, na Curry ndiye akaja kuwa baba wa mambo hayo. Mtu mrefu wa kusimama chini ya kikapu akaanza kuvutwa kwenda kukaba huko nje, mbali na nyumba yake. Hasheem aliingia na ufundi wa jana kwenye soko la kesho.

BISMARCK, ILA SI HII YETU

Hii itawafurahisha watu wa Rock City. Februari 2010, msimu wake wa kwanza haujaisha, Memphis wakamshusha kwenda ligi ndogo, kwenye timu ya Dakota Wizards. Hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kushushwa kule kabla yake, kwa hiyo magazeti yakapata la kuandika. Na timu hiyo makao yake yalikuwa mji gani? BISMARCK, jimbo la North Dakota. Jina lilelile la jiwe letu pale ziwani, na limetoka kwa mtu yuleyule, Otto von Bismarck, chansela wa Ujerumani. Tofauti ni kwamba Bismarck yao mwezi wa pili maji yanaganda kuwa barafu. Mtoto wa Dar, dola milioni 4, anacheza ligi ndogo kwenye theluji. Maisha haya.

Februari 2011 Memphis wakambadilishana na Houston Rockets, wao wakamchukua mkongwe Shane Battier. Machipuko yaleyale Memphis, walioingia mtoano nafasi ya 8, wakawang'oa San Antonio Spurs waliokuwa nafasi ya 1. Hasheem hakuwepo. Machi 2012 akapelekwa Portland, na aliyesafiri naye kwenye mabadilishano hayo ni yuleyule Jonny Flynn. Kati ya 2012 na 2014 akawa Oklahoma City Thunder pamoja na Kevin Durant, Russell Westbrook na Serge Ibaka wa Kongo Brazzaville. Pale angalau alipata jina la mtu wa akiba anayejua wajibu wake: ingia, zuia, sukumana, toka.

Baada ya 2014 milango ya NBA ikafungwa. Jumla: misimu 5, mechi 224, wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7.

Wengine hapo wangerudi nyumbani kula hela. Yeye hakuacha. Alirudi ligi ndogo, mwaka 2017 akaenda Japani kuichezea Yokohama, akarudi tena ligi ndogo Marekani na Fort Wayne Mad Ants, na mwaka 2020 akaenda Taiwan kwenye timu ya Lioneers ya Hsinchu. Hapo ana miaka 33, bado anakimbia uwanjani. Mtu asiyeupenda mchezo hafanyi hivyo.

TUSIDANGANYANE LAKINI

Kuna wanaosema alichelewa kuanza na ndiyo basi, Mwafrika hawezi. Hapo nakataa. Hakeem Olajuwon wa Nigeria naye alianza basketi akiwa kijana mkubwa. Mwaka 1984 akachaguliwa namba 1, na ubingwa akachukua mara mbili, 1994 na 1995. Joel Embiid wa Kamerun alianza na miaka 15, sawasawa na Hasheem, na mwaka 2023 akawa mchezaji bora wa NBA. Kwa hiyo kuchelewa kunatibika.

Ila tazama walivyotibiwa. Olajuwon utotoni alicheza mpira wa mikono na kandanda, miguu ikawa imeshafundishwa kitu kabla ya basketi. Dikembe Mutombo wa Kongo, aliyefariki Septemba 2024, alikaa chuo cha Georgetown mpaka akaingia NBA mwaka 1991 akiwa na miaka 25, mtu mzima na mwili wake. Hasheem aliondoka chuoni baada ya miaka mitatu, akiwa na 22. Simlaumu. Nani angeambiwa utakuwa namba 2, na mamilioni ya dola yapo mezani, akasema subirini kwanza mwaka mmoja? Chuoni angeweza kuvunjika goti akakosa vyote. Lakini ule mwaka wa kujifunza bila presha aliuhitaji, na NBA hawakuuza.

KWETU HUKU MWANZA JE?

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Sisi wa ziwani tunaielewa methali hii kuliko wa bara, maana sato akishakauka ukimkunja anavunjika. Kijana akigunduliwa na miaka 17 kwa sababu tu kapita mlango kainama, tayari ameanza kukauka.

Hapa jijini watoto wote tunawapeleka kwenye kandanda, na sawa, raha yake tunaijua. Basketi ina wenyewe wachache, wale wa uwanja wa Mirongo jioni, wanagawana mpira mmoja watu kumi na tano. Nenda kawaangalie. Yule mrefu kuliko wote mara nyingi ndiye amejiunga juzi, wamemvuta kwa sababu ya kimo, na ndiye wanamrushia mpira chini ya kikapu bila mtu kumfundisha aweke mguu wapi. Yule mfupi aliyeanza darasa la tatu anawapita wote. Hiyo ndiyo stori nzima ya Hasheem, ila ndogo.

Kwa dogo mrefu anayesoma hapa, nina mambo matatu.

Kwanza, siku hizi njia zimeongezeka. Ligi ya Afrika, BAL, ilianza Kigali mwaka 2021, na Kigali siyo mbali kutoka hapa. NBA wana akademi yao Senegali tangu 2017. Siyo lazima uruke moja kwa moja Houston ukiwa peke yako.

Pili, akija mtu anakuambia atakupeleka Marekani halafu anaomba hela ya "fomu", ama paspoti yako aishike yeye, kimbia. Shule inayokutaka inaandika barua yenyewe, kwa jina lake, na mzazi anaweza kuwapigia simu akawauliza.

Tatu, ukiambiwa una urefu, jibu ahsante, halafu uliza nani atakufundisha kutumia miguu. Urefu Mungu alishakupa. Kinachobaki ni mazoezi, na hayo hupewi.

Hasheem alifika mahali ambapo hakuna Mtanzania aliyewahi kufika kabla yake, kwa kuanza na miaka 15 na kuchaguliwa namba 2 na miaka 22. Miaka SABA tu! Fundi seremala mwenyewe hachukui muda mfupi hivyo kuwa na jina mjini. Mimi kwa upande wangu nasema hakuchemsha. Alipewa namba kubwa kuliko muda aliokuwa nao wa kujifunza, halafu tukamhukumu kwa namba.

Wadau, hayo ndiyo yangu. Wewe unaonaje: angebaki chuoni mwaka mmoja zaidi, mambo yangekuwa tofauti? Na hapo mtaani kwako kuna goli la basketi ambalo bado lina ringi? Tiririka hapo chini, matusi hapana.